Umeme Ukikatika, Jina Lako Linatoka

Ndeshi, shoga yangu,

Barua zote huanza kwa kuulizana hali. Yangu ni ya kusukuma siku. Yako siulizi, maana naogopa kujibiwa. Usinicheke. Ungekaa humu ofisini miezi hii tuliyokaa sisi, na wewe ungeogopa.

Nakuandikia nikiwa mezani kwako, ile meza ya dirisha la kuelekea Posta. Walitaka kumpa bwana mmoja wa idara ya ugavi, nikawaambia wajaribu waone. Hawakujaribu. Wanasema Mwanahawa tangu afiwe na mwenzake amekuwa mkali kama pilipili ya kukaanga. Mimi nilikuwa mkali tangu zamani, ila wewe ulikuwa unanifunika.

Uliaga kazini unalalamika kichwa, ukasema kesho utachelewa kidogo. Hiyo kesho mpaka leo naisubiri. Homa gani ile, Ndeshi? Nilipofika Kariakoo kukuona, nje ya duka la baba yako kulikuwa na watu wamesimama bila kununua kitu, nikajua. Gari la kukupeleka kwenu Moshi lilijaa ndugu zako, mimi nikaishia Mtaa wa Msimbazi, mkononi nina kanga yako uliyoisahau kwetu. Sikukuzika. Labda ndiyo maana haya mengine yote yakanipata.

Sasa sikiliza. Unazikumbuka kanda za vibarua. Nauliza swali la kijinga, jina hilo ulilitoa wewe mwenyewe. Kanda za kumbukumbu za kweli za shirika zinafungiwa kabatini, na hizi nyingine za kuwekea kazi kwa muda tu, leo mgawo wa sukari, kesho orodha ya vipuri, ukaziita vibarua kwa sababu hazina kazi ya kudumu. Mashine mpya za kompyuta haziingii nchini, kanda mpya ndiyo usiseme. Tulizo nazo ndizo hizo hizo, tunaandika juu ya ya jana, na juu ya ya juzi.

Zamani kabla ya kuitumia kanda tulikuwa tunaifuta yote, toka mwanzo hadi mwisho, tunakaa tunapiga miayo huku inazunguka. Wewe ukaja na kiburi chako cha Kichaga. "Kwa nini mnafagia nyumba nzima na mgeni analala chumba kimoja?" Ukaandika programu inayoandika juu ya yale ya zamani bila kufuta, kisha inaweka alama ya mwisho. Mashine ikisoma, ikifika kwenye alama inasimama. Yaliyobaki nyuma ya alama yakae huko, nani anayaona? Kazi ya kutwa nzima ikawa inaisha kabla ya chai. Mkuu wa Kitengo akakusifia mbele za watu, na wewe ukajifanya unaona haya, mnafiki mkubwa.

Na unakumbuka ulivyotaka kujua kanda moja inabeba majina mangapi? Ukatoboa kadi tatu tu za kuisomesha mashine, kila moja na jina lake, ukaiambia irudie mpaka kanda iishe. NDESHI. MWANAHAWA. MZEE ELIA. Ndeshi, Mwanahawa, Mzee Elia, toka mwanzo hadi mwisho wa kanda. Nikakuuliza baba yako amefuata nini humu. Ukasema, "Mimi na wewe tukikaa pamoja lazima awepo mtu mzima." Tukacheka mpaka Mashaka, fundi mitambo wetu, akatoka chumba cha mashine kuja kuangalia kulikoni. Kanda ile ikarudishwa rafuni na vibarua wenzake, ikaendelea na kazi. Majina yetu yakafunikwa mbele, nyuma yakabaki.

Umezikwa hata arobaini haijafika, umeme ukakatika.

Tulikuwa tunatoa orodha ya mgawo wa duka la ushirika, na unajua orodha ile ikichelewa watu wanavyotutukana kwenye foleni ya sukari. Umeme ukaenda mashine ikiwa katikati ya kuandika kwenye kanda. Umeme uliporudi, Mashaka akafanya lile analofanya siku zote. Hakuanza upya. Akakichapa kwenye karatasi kile kilichokuwemo kandani, nusu iliyobaki aichape baadaye. Ni kosa letu sisi wote wa pale, tumelifanya mpaka limekuwa utaratibu. Mashine ikachapa majina ya wafanyakazi, ikafika pale umeme ulipokatikia, ikatoa mstari mmoja wa takataka usiosomeka. Alama ya mwisho haikuwepo, ya zamani ilikuwa imeshafunikwa na mpya haijawekwa. Ikapita.

NDESHI. MWANAHAWA. MZEE ELIA. NDESHI. MWANAHAWA. MZEE ELIA.

Nilikuwa nimesimama pale pale, naisubiri karatasi. Ndeshi, mimi nilijua. Mimi ndiye niliyekuwepo siku ile unajaza kanda. Ningeweza kumweleza mtu yeyote kwa nini jina lako linatoka, hatua kwa hatua, na bado nywele zilinisimama. Mashaka akasema, "Lahaula," akazima mashine kwa kuipiga ngumi.

Nikawaeleza. Nikawachorea hata ubaoni. Wakaniitikia kwa vichwa, wakatoka nje, wakaanza kunong'ona. Mwezi uliofuata umeme ukakatika tena, jina lako likatoka tena. Wadada wa kutoboa kadi wakakataa kukaa karibu na mimi. Mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, kama vile ananiambia petikoti linaonekana: "Dada Mwanahawa, marehemu ametaja watu wawili. Wewe ndiye wa kwanza." Nilimjibu vibaya, lakini siku hiyo nilirudi Mtaa wa Sikukuu naangalia kila gari kabla ya kuvuka. Mama akanisomea dua, akanifukizia ubani, akasema maiti hataji jina la mtu bure. Nikamwambia mama, ni kanda. Akasema, "Hata kanda, mwanangu."

Utaniuliza kwa nini sikuifuta. Ni kazi ya dakika chache. Sikutaka. Nakwambia wazi, wala sioni haya. Wewe ulikuwa umeondoka bila kuniaga, ukiacha mlango wa programu yako wazi, na kila umeme ukikatika unachungulia. Nikawa nasikia mashine ya kuchapa inabadilisha mlio pale inapoingia kwenye majina yetu, maana ni mafupi kuliko ya wengine, na moyo unanidunda kwa hofu na furaha vyote pamoja. Wenzangu wakilaani umeme kukatika, mimi nasogea karibu na mashine. Kazi za shirika zilikuwa zinaongezeka, orodha inarefuka, na kila mara majina yetu yanayobaki mkiani yanapungua. Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua.

Ila sikumfikiria baba yako.

Mashaka ndiye aliyempelekea. Hakuwa na ubaya, alienda dukani Kariakoo kutafuta sabuni, akaona mzee amekaa na huzuni yake, akadhani atamfariji. Akamchania kipande cha ile karatasi. "Mzee, mwanao bado anakukumbuka." Kwa akili yake hiyo!

Nilikuja kujua nilipopita kumjulia hali. Nikapiga shikamoo mlangoni, akaniitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili, na alikuwa mbele yangu. Amekonda, Ndeshi. Yule mzee wa kubeba gunia la mchele kwa mkono mmoja, shati linamning'inia. Mpwa wake ndiye anayepima, yeye amekaa tu kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, ile karatasi ameibandika ukutani karibu na picha yako ya kipaimara. Nikauliza mzee ana nini. Mpwa akasema ameacha kula, anakunywa chai ya rangi tu, na ametuma ujumbe nyumbani wasafishe nafasi pale mgombani kando ya kaburi lako.

Nikakaa chini kwenye gunia. Nikasema, baba, hii ni mashine. Akanitazama kwa huruma, mimi ndiye nilionekana mgonjwa. "Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa. Sipigi ramli. Lakini baba akiitwa na mtoto wake haulizi amepitia njia gani." Halafu akanishika mkono. "Na wewe amekuita. Jiandae."

Nilitoka pale nikatembea hadi Mnazi Mmoja bila kujua naenda wapi. Wiki ile nilishikwa na homa, nikalala nikihesabu herufi za jina langu. Nilikuwa nimeamini, Ndeshi. Mimi niliyejua kila kitu. Kilichoninyanyua kitandani ni hasira. Nilikuwazia wewe unavyomjua baba yako, unavyomtania, unavyomfichia tumbaku. Eti wewe umuite yule mzee afe na njaa juu ya kiti? Nikasema kwa sauti, mama akasikia, "Haki ya Mungu hakufanya. Huyu mtu anasingiziwa."

Nikaenda kwa Mkuu wa Kitengo kuomba kumwingiza mzee chumba cha mashine. Akakataa, eti ni mali ya umma, wageni hawaruhusiwi. Nikamwambia, "Ndugu Mkuu, yule mzee naye ni umma." Akanitazama, akakohoa, akasema yeye mchana ule atakuwa na kikao Kivukoni na hatajua kinachotokea ofisini. Mungu ambariki.

Baba yako alikuja na suti ya kanisani. Alidhani nimemwita kuja kukuaga, au kukufuata, sijui. Viatu amevipaka rangi. Alipoingia kwenye ule ubaridi wa kiyoyozi akavua kofia. Mashaka alimsalimia huku ameinamisha macho.

Nikamwambia, baba, nitajie mtu mmoja mzima wa afya, ambaye huna wasiwasi naye kabisa. Akafikiri. "Salehe," akasema. Unamkumbuka Mzee Salehe wa viungo, wa ng'ambo ya barabara, ambaye baba yako anagombana naye miaka nenda miaka rudi juu ya ule mfereji wa maji machafu? Huyo. Nikatoboa kadi. Nikachukua kibarua mwingine, nikamjaza: SALEHE, SALEHE, SALEHE, hadi mwisho wa kanda. Juu yake nikaanza kuandika orodha ya wafanyakazi kwa programu yako ile ile. Ilipofika katikati nikamwambia Mashaka azime swichi. Akasita. Nikamkazia macho, akazima.

Taa za mashine zikafa. Kikawa kimya kile unachokijua, feni zinapomalizia kuzunguka. Baba yako akanong'ona neno kwa Kichaga, nikasikia Ruwa tu, jina la Mungu kwa lugha yenu. Tukawasha, nikachapa kilichomo, kama Mashaka anavyofanya. Wakatoka wafanyakazi, ukatoka mstari wa takataka.

SALEHE. SALEHE. SALEHE. SALEHE.

Mzee akaisogeza karatasi karibu na miwani. Akasoma kwa kidole. "Huyu Salehe asubuhi hii amemwaga maji ya kuoshea pilipili mbele ya duka langu," akasema. "Huyu ana afya ya punda. Nani aliyemwita?" Nikasema, hakuna, baba. Nilimwandika mimi, tukaandika wengine juu yake, hatukumaliza, na mashine haikujua pa kusimama. Ndivyo na majina yetu. Aliyaandika Ndeshi akiwa mzima, tunacheka, kabla ya yote haya.

Akacheka. Nakuapia, baba yako alicheka, kile kicheko cha puani. "Salehe!" akasema. Mashaka naye akacheka kwa kuona ruhusa.

Halafu akaacha. Akashusha ile karatasi taratibu, akasema, "Kwa hiyo hakuniita."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani namwondolea mzigo. Nikasema, hapana baba, hakukuita. Akatafuta kiti nyuma yake bila kugeuka, Mashaka akamsogezea, akakaa, akalia. Watu walishaniambia kwamba tangu msiba hajatoa chozi, hata pale kaburini. Alilia kwa sauti, mzee mzima na suti yake, wadada wa kadi wakaja mlangoni na wao wakaanza. Alikuwa anakuita jina lako la utotoni. Nami nikalia, maana na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimesikia. Hukutuita. Umekufa tu, mama yangu wee. Umekufa na hutuiti.

Aliponyamaza akaomba kuiona ile kanda yako. Nikamletea. Akaishika kwa mikono miwili, akashangaa ilivyo nyepesi. "Yumo humu?" Nikasema jina lake limo. Akauliza kama shirika linaihitaji. Nikamwambia kweli, baba, hatuna nyingine, hii kesho ina kazi. Nilitaka aniambie niifiche. Nilikuwa nimeshapata mahali pa kuificha, usinidhanie vizuri sana. Akanirudishia mkononi. "Basi ifute, mwanangu. Watu wanasubiri sukari yao."

Unajua kanda isipowekwa ile pete ya plastiki mashine haikubali kuandika juu yake. Nikajaribu mara mbili, pete haiingii. Akanisaidia yeye. Niliifuta kwa mtindo wa zamani, ule uliokuwa unaudharau, toka mwanzo hadi mwisho, nyumba nzima. Ikachukua muda wake. Yeye akasali Baba Yetu kwa lugha ya kwenu, mimi nikasoma Fatiha, Mashaka akasimama ameinamisha kichwa baina yetu, kanda inazunguka. Ilipofika mwisho ikajigonga gonga, ikasimama.

Mzee akavaa kofia. Akauliza, "Kwa mama yako leo kumepikwa nini?" Nikasema wali na samaki, kama nazi ilipatikana. Tukatembea pamoja hadi Sikukuu, akala, akaongezewa, mama akajifanya haoni.

Programu yako nimeirekebisha. Sasa kila ikiandika fungu inaweka alama ya mwisho papo hapo, fungu linalofuata linaandikwa juu ya alama ile na alama mpya inawekwa mbele. Umeme ukatike saa yoyote, alama ipo. Kufuta bado hatufuti, wazo lako nimeliacha kama lilivyo, kwa kuwa ni zuri na kwa kuwa ungenisumbua. Nilipokuwa naliandika nilikuwa nakuuliza kwa sauti kila hatua. Ulikuwa hunijibu, mjeuri wewe.

Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo. Juzi tena. Nikakimbilia mashine kabla ya Mashaka, nikaichapa mwenyewe. Majina ya wafanyakazi yakatoka, la mwisho likawa la dada mmoja wa tawi la Mtwara, mashine ikasimama pale pale. Chini yake karatasi nyeupe. Niliivuta kidogo nione, nikaivuta tena. Mashaka akanigusa bega, akasema, "Dada, imekwisha." Nikamwambia naona.

Usiku nimekuwa nikilala vizuri, hilo nalo linaniuma.

Mzee anakula. Jana amemwita Mzee Salehe mchawi wa maji machafu mbele ya mtaa mzima, Salehe akamwambia afadhali umepona, nilikuwa sina wa kugombana naye. Kile kipande cha karatasi amekitoa ukutani. Nafasi ile kando yako, amewatumia ujumbe watu wa nyumbani wapande migomba.

Sasa naaga, shoga, maana Mkuu anapita na anajua siandiki kazi ya shirika. Ulipolala lala. Hujatuita na hatukulaumu. Krismasi hii nitapanda basi kuja kwenu, mimi mtoto wa Kariakoo nisiyejua baridi, nikae siku zote wanazokaa watu. Nitamleta baba yako, asimame juu yako kwa miguu yake mwenyewe akwambie shida zake zote. Tutakulilia tushibe. Halafu, nakuahidi Ndeshi, nitamshika mkono nimrudishe mjini.

Wako,
Mwanahawa